Momo: jini aliyeletwa nyumbani na wazazi

Tarehe 17 Februari 2019, mama mmoja wa mji mdogo jirani na Bolton, kaskazini magharibi mwa Uingereza, aliandika ujumbe kwenye grupu la Facebook la wakazi wa mji wao. Mwanawe alikuwa amepata habari za Momo kutoka kwa wenzake shuleni, na sasa anaogopa. Mama akaona si vibaya awatahadharishe wazazi wengine. Ujumbe ulikuwa wa kawaida kabisa, wa jirani kumwambia jirani, na hakuna ambaye angedhani kwamba kabla mwezi haujaisha ungefika bungeni London.

Ulifika. Gazeti la pale likauandika. Shule zikaanza kutuma barua kwa wazazi. Polisi wa Ireland ya Kaskazini wakatoa tahadhari. Kim Kardashian, aliyekuwa na wafuasi zaidi ya milioni 120 kwenye Instagram, akawaomba YouTube wachukue hatua. Tarehe 28 Februari, Andrea Leadsom, waziri aliyekuwa akisimamia shughuli za serikali bungeni, akasimama kusema kwamba serikali ina wasiwasi mkubwa. Tangu ujumbe wa yule mama zilikuwa zimepita siku kumi na moja.

Hadithi iliyokuwa ikizunguka ilikuwa hivi. Mtoto anaangalia katuni yake, Peppa Pig kwa mfano, mara katuni inakatika katikati na uso unajitokeza: mwanamke mwenye macho makubwa yaliyotumbuka, nywele nyeusi za kuhesabika, mdomo uliopasuka kuelekea masikioni. Uso huo unamwamuru mtoto ajidhuru, na unamtishia kwamba akimwambia mzazi, wao wote nyumbani watakiona usiku. Toleo la pili lilisema Momo ni namba ya WhatsApp inayomtafuta mtoto yenyewe. Polisi wa Craigavon, kule Ireland ya Kaskazini, waliandika kwenye ukurasa wao kwamba nyuma ya Momo kuna wadukuzi wanaosaka taarifa binafsi za watu. Yaweke matoleo haya pamoja uone kama yanaelewana: jini wa ndani ya katuni, mtu wa kwenye simu, na mwizi wa nywila. Hayaelewani. Kilichoyashikilia pamoja ni picha moja tu.

Na ile video ya katuni iliyokatwa katikati? Tarehe 27 Februari YouTube walitangaza kwamba hawajaona ushahidi wowote wa karibuni wa video zinazohamasisha mchezo wa Momo, maana hadithi hiyo ilikuwa imepewa jina la Momo Challenge, kwenye mtandao wao. Kituo cha UK Safer Internet Centre kikaiita habari ya uongo. Samaritans, shirika la Uingereza linalowasikiliza watu waliokata tamaa ya maisha, likasema hakuna ushahidi uliothibitishwa kwamba kuna aliyejidhuru kwa sababu ya mchezo huo, na kwamba kelele zenyewe ndizo zinazoweza kumfikia mtu aliye katika hali mbaya zikamwumiza. NSPCC, linalotetea watoto huko huko, lilieleza jambo ambalo mimi naliona ndilo kiini cha kisa chote: simu walizopigiwa na waandishi wa habari kuhusu Momo zilikuwa nyingi kuliko za wazazi wenye wasiwasi.

Ni rahisi kucheka. Lakini wazazi wale hawakuwa wazembe. Mzembe hasomi barua ya shule, wala hakai saa nne usiku akiwatumia mashemeji zake tahadhari. Walikuwa wazazi makini, na umakini wao ndio uliokuwa gari la Momo. Kwa mtoto ambaye hajawahi kuuona uso ule, onyo lenye picha ndilo lililomwonyesha.

Uso wenyewe una historia fupi. Ni sanamu. Aliitengeneza Keisuke Aiso, msanii wa Japani anayefanya kazi za sanamu za kutisha za filamu, na ikaonyeshwa mwaka 2016 katika ukumbi wa Vanilla Gallery mjini Tokyo. Aliitoa kwenye ngano za kwao za ubume, mzimu wa mwanamke aliyefia uzazini. Ukiiona sanamu nzima inapunguza ukali: kichwa na matiti ya mwanamke, chini yake miguu ya ndege. Waliotembelea maonyesho walipiga picha, wakaziweka Instagram, na baadhi ya picha zikakatwa ukabaki uso peke yake. Ni ule mkato uliotembea dunia.

Katikati ya mwaka 2018 uso huo ulishaingia kwenye mazungumzo ya Kihispania ya WhatsApp, ukiwa umepachikwa kwenye namba zenye misimbo ya Japani, Kolombia na Meksiko. Julai mwaka huo vyombo vya habari vya Argentina viliripoti kwamba polisi wanachunguza kama kifo cha binti mdogo kina uhusiano na Momo. Uhusiano haukuthibitishwa. Lakini neno "wanachunguza" likishavuka mipaka miwili linageuka kuwa "wamegundua", na kufikia Agosti tahadhari zilishatolewa hadi India. Kwa hiyo Momo wa Uingereza hakuwa mpya. Alikuwa ameshapita nchi kadhaa, na kila alikopita aliacha onyo bila kuacha video.

Sisi wa pwani hii tulitakiwa kumjua mapema. Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya mfumo wa chama kimoja, Popobawa aliikumba Pemba, kisha akavuka hadi Unguja. Watu wazima waliacha vitanda vyao wakalala nje, wamekusanyika kuzunguka moto, kwa sababu inasemekana anamwandama aliyelala peke yake ndani. Na kati ya mambo yaliyosimuliwa juu yake kulikuwa na sharti moja la ajabu: aliyevamiwa ni lazima awasimulie wengine, la sivyo anarudiwa. Jini mwenye sharti hilo hahitaji mbawa. Anabebwa. Voisi noti inayomalizia kwa "tafadhali mtumie kila mzazi unayemjua, usipuuze, unaweza kuokoa maisha ya mtoto" ina sharti lile lile, ila safari hii anayetishwa asiposimulia ni dhamiri ya mzazi.

Mimi onyo la Momo lilinifikia kupitia grupu la wazazi wa darasa, na nililiangalia kwa makini kuliko nilivyoliangalia tangazo la ada lililotangulia. Juu kulikuwa na ule uso, mkubwa, umejaza kioo. Chini maelezo ya Kiswahili kilichochanganyika, mistari kama kumi. Shule haikutajwa. Mtoto hakutajwa, hata kwa umri. Jina la video halikuwepo, wala la chaneli. Kulikuwa na "daktari mmoja" na "polisi wamethibitisha", pasipo kusema polisi wa wapi. Dakika chache baadaye mzazi mmoja akajibu kwa vikono vya kuomba, mwingine akaandika "Mungu atulindie watoto wetu", na wa tatu akasema ameshawaonyesha wanawe picha ili wakimwona wazime simu. Amewaonyesha. Kwa nia njema kabisa, usiku, kabla ya kulala.

Hakuna aliyeuliza swali. Siwalaumu, maana grupu la wazazi lina adabu zake: anayeuliza "umeitoa wapi?" anaonekana anamwita mwenzake mwongo, na kama aliyetuma ni mama mtu mzima, mwenye heshima zake, unanyamaza. Kuna hesabu nyingine pia inayofanyika kimya kimya kichwani. Nikituma na si kweli, nimepoteza nini? Nisipotuma na ni kweli, nitajisamehe? Hesabu hiyo inaonekana haina makosa, lakini imesahau kuweka mezani gharama ya mtoto anayelala na taa, na ya yule aliyekwenda mwenyewe kutafuta "Momo" kwenye YouTube baada ya kusikia. Aliyetafuta alipata, kwa sababu kufikia mwisho wa Februari mtandao ulikuwa umejaa video za watu wakimjadili Momo, wakimwigiza, wakimchora, wakijipatia watazamaji. Hofu ilizaa ile bidhaa ambayo mwanzoni haikuwepo.

WhatsApp wenyewe walishajua tatizo la namna hii. Januari 2019, mwezi mmoja kabla, walikuwa wamepunguza idadi ya watu au magrupu unayoweza kuyapelekea ujumbe kwa mkupuo hadi kufikia matano dunia nzima. Kanuni hiyo inamzuia mtu mvivu. Mzazi mwenye hofu atabonyeza matano, arudi, abonyeze matano mengine.

Sasa tuzungumzie kilichokuwa kikiendelea upande wa pili, maana hapa ndipo kisa kinapoacha kuchekesha.

Siku ile ile ya 17 Februari 2019, Mmarekani mmoja aitwaye Matt Watson aliweka video YouTube kuonyesha jambo alilolikuta. Kulikuwa na video za kawaida za watoto, walizojirekodi wenyewe au waliorekodiwa na wazazi wao: wanaogelea, wanafanya sarakasi, wanacheza nyumbani. Hazina ubaya wowote. Ila chini yake, kwenye maoni, wanaume walikuwa wakiacha alama za dakika na sekunde kuelekezana sehemu ambayo mtoto amekaa vibaya au nguo imesogea. Na mfumo wa mapendekezo wa YouTube, ambao kazi yake ni kukuletea zaidi ya kile unachokipenda, ulikuwa ukiwapangia watu hao video moja baada ya nyingine za watoto wengine. Hakuna aliyedukua chochote. Mtambo ulikuwa ukifanya kazi yake kama ulivyoundwa.

Makampuni kama Nestlé, Disney na Epic Games yakasitisha matangazo yao. Tarehe 28 Februari, siku ile ile ambayo Momo alikuwa akitajwa bungeni Uingereza, YouTube walitangaza kufunga sehemu ya maoni kwenye video nyingi zenye watoto, baada ya kufuta mamia ya chaneli na makumi ya mamilioni ya maoni. Hili lilikuwa la kweli, lenye ushahidi, linalomhusu moja kwa moja mzazi yeyote aliyeweka video ya binti yake akicheza muziki sebuleni. Kwenye grupu letu halikufika. Lingefikaje? Halina uso.

Mwezi huo huo daktari wa watoto wa Florida, Free Hess, alionyesha hadharani vipande vya video za katuni ambavyo mtu alikuwa amevikata katikati na kupachika sehemu yake mwenyewe, mwanamume akizungumzia kujidhuru kwa utani. Vilikuwepo kweli, na viliondolewa baada ya wazazi na madaktari kuviripoti. Kwa maneno mengine, ile hadithi ya "katuni inayokatwa katikati" ilikuwa na mfano halisi. Ila mfano huo ulikuwa na mahali pake, ulionekana, uliripotiwa kwa kiungo chake, ukafutwa. Momo hakuweza kufutwa kwa sababu hakukuwa na cha kufuta.

Wala haikuwa mara ya kwanza. YouTube Kids ilizinduliwa Marekani Februari 2015 kwa ahadi ya kuwa uwanja salama wa wadogo. Novemba 2017 ikabainika kwamba kuna maelfu ya video zinazotumia wahusika wa katuni wanaopendwa, Elsa, Spider-Man, Peppa Pig, katika vituko vya damu, sindano, vitisho na mambo ya chumbani. Watu waliliita sakata hilo Elsagate. Nyingi zilitengenezwa kwa wingi kwa ajili ya fedha za matangazo: unachukua majina ambayo watoto wanayatafuta, unayarundika kwenye kichwa cha video, mtambo unakubeba. Chaneli ya Toy Freaks, iliyokuwa na wafuatiliaji zaidi ya milioni 8, ilifungwa. Na Septemba 2019 Google na YouTube walikubali kulipa dola milioni 170 nchini Marekani kwa kukusanya taarifa za watoto bila idhini ya wazazi, kinyume cha sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1998. Kuanzia Januari 2020 kila anayepakia video akatakiwa kusema kama ni ya watoto au la.

Ukiyaweka haya kando ya Momo, unaona tofauti ambayo ndiyo sababu ya mimi kuandika. Momo anamweka mzazi katika vita na kiumbe. Elsagate, maoni ya wanaume wale, na faini ya 2019 vinamweka katika mvutano na biashara: kampuni inayolipwa kwa dakika ambazo mwanao anakaa mbele ya kioo. Vita na kiumbe ina silaha rahisi, sala na kufowadi. Mvutano na biashara unataka uingie kwenye mipangilio ya simu, uzime kile kitufe kinachofanya video inayofuata ianze yenyewe, ukae na mtoto, urudie wiki ijayo. Hakuna atakayekupigia makofi.

Kenya walishapita njia hii kabla. Mei 2017 bodi ya kuainisha filamu nchini humo, KFCB, ilitangaza kuupiga marufuku mchezo wa Blue Whale, yaani nyangumi wa buluu, uliosemekana kuwaamuru vijana mtandaoni wajidhuru hadi kujiua, baada ya vyombo vya habari kuuhusisha na kifo cha kijana mmoja Nairobi. Blue Whale ulikuwa na mzizi halisi zaidi ya Momo: Mei 2016 gazeti la Novaya Gazeta la Urusi liliandika juu ya makundi ya mtandao wa VKontakte yaliyokuwa yakiwavuta vijana kwenye mazungumzo ya kifo, na kijana mmoja wa huko alifungwa mwaka uliofuata. Lakini hapakuwa na programu ya kupakua iliyoitwa Blue Whale ambayo bodi ingeweza kuifungia mlango. Unapiga marufuku nini? Marufuku ile ilimpa mzazi hisia kwamba serikali imeshalishughulikia, wakati kilichokuwa kikitakiwa, kumtazama kijana aliyebadilika, asiyelala, aliyejitenga, hakuna bodi inayoweza kukifanya. Na dalili hizo hazihitaji nyangumi wala Momo ili zichukuliwe kwa uzito.

Nirudi nyumbani, kwenye simu yenyewe, kwa sababu maonyo mengi tunayopokea yameandikwa kwa nyumba ambazo mtoto ana tableti yake na intaneti isiyokatika. Katika nyumba nyingi zetu mtoto mdogo anatumia simu ya mama. Bando ni ghali, hivyo katuni zinapakuliwa mara moja pale penye Wi-Fi, au zinatumwa na shangazi kwa WhatsApp, na mtoto anaziangalia kutoka kwenye galari. Galari hiyo hiyo ndiyo inayopokea kila kitu kinachoingia kwenye magrupu ya mama: grupu la kazini, la harusi, la ukoo, la wanafunzi wenzake wa zamani wa sekondari. Mtu mmoja akirusha video ya utupu saa sita usiku "kwa kuchangamsha kijiwe", au ya ajali yenye maiti barabarani, inajipakua yenyewe na kulala pale pale jirani na Ubongo Kids. Asubuhi mtoto anapewa simu ili mama apate kupiga pasi. Anasukuma kidole mara mbili.

Huyo hakuvamiwa na mdukuzi. Na dawa yake inachukua muda mfupi kuliko kusikiliza ile voisi noti mpaka mwisho. Ndani ya WhatsApp, kwenye mipangilio ya hifadhi na data, unaondoa ruhusa ya picha na video kujipakua, iwe kwa bando au kwa Wi-Fi. Kwenye mipangilio ya mazungumzo unazima kile kinachoruhusu vilivyopakuliwa vionekane kwenye galari. Halafu unaweka katuni za mtoto kwenye folda yake. Simu nyingi za Android zina pia uwezo wa kubandika programu moja kwenye kioo, mtoto asiweze kutoka hadi uingize namba yako ya siri. Utaukuta kwenye sehemu ya usalama. Kwa wenye YouTube Kids, tangu Septemba 2018 kuna chaguo la mzazi kuidhinisha mwenyewe video na chaneli, na mtoto haoni nyingine yoyote wala hawezi kutafuta. Ni kazi ya kuchosha mwanzoni. Inafaa kwa walio chini ya miaka minane hivi; kwa mkubwa zaidi utakuwa unashindana na rafiki yake mwenye simu isiyo na ulinzi, na rafiki atashinda.

Kuna jambo lingine ambalo Momo alilificha vizuri. Alitufundisha kumwogopa mgeni mwenye uso wa ajabu. Utafiti wa Disrupting Harm, uliofanywa na ECPAT, INTERPOL na UNICEF katika nchi kadhaa zikiwemo Kenya na Tanzania, ulionyesha kwamba wanaowanyanyasa watoto kingono kupitia mtandao mara nyingi ni watu ambao mtoto tayari anawafahamu, na kwamba watoto wengi hawamwambii mtu mzima, wengine kwa aibu na wengine kwa kuogopa kwamba wao ndio watakaolaumiwa. Soma hilo la mwisho polepole. Kitisho cha Momo kilikuwa "ukimwambia mama utaona". Kwa mtoto wa kweli aliyetumiwa picha chafu na kaka wa jirani, anayempa kitisho hicho mara nyingi ni mama mwenyewe, bila kujua, siku aliyosema "nikikukuta na mambo ya ajabu kwenye hiyo simu nitaivunja na nitakuvunja na wewe".

Basi yule mama wa jirani na Bolton tumhukumuje? Naona nusu ya kwanza ya alichofanya ni somo zuri kuliko semina nyingi. Mwanawe aliogopa kitu, akamwambia. Hilo halitokei kila nyumba. Pale ndipo pangetosha kumwuliza: nani amekuambia, umeiona mwenyewe au umesimuliwa, ilikuwa kwenye simu ya nani? Kisha kwenda kwa mwalimu na jina la mtoto mwingine, na jambo lingekwisha uwanjani pale shuleni. Kutoka hapo lilitoka mikononi mwake, na waliokuwa na wajibu wa kulipima, wahariri, walimu wakuu, polisi, waliliongezea mhuri kila mmoja kwa sababu mwenzake alishaligonga. Gazeti lilinukuu polisi, shule ikanukuu gazeti, na polisi walikuwa wamesoma mtandaoni. Lawama yangu kubwa iko kwa hao. Mzazi ana haki ya kuogopa. Msemaji wa polisi analipwa ili athibitishe.

Ikija nyingine, na zinakuja, mimi hufanya hivi. Sifowadi picha, hata nikituma maneno. Namwandikia aliyeileta faraghani, si mbele ya grupu: "Shikamoo mama, asante kwa kutujali. Umeipata kwa nani, na kuna mtoto tunayemfahamu aliyekutana nayo?" Mara nyingi jibu ni kwamba imetoka grupu lingine. Ikiwa kuna mtoto halisi aliyeumizwa au anayesumbuliwa, hapo hatuzungumzii tena tahadhari. Ni kupiga 116, ambayo ni namba ya bure ya huduma kwa mtoto Tanzania na Kenya pia, au dawati la jinsia na watoto la polisi, na kutofuta ushahidi uliomo kwenye simu hata kama unachefua.

Na mtoto ambaye ameshauona ule uso? Kwa mdogo, usimwambie "hayupo" halafu ubadilishe mada. Ameona kipo. Mwambie ni sanamu ya mpira, fundi wa Japani aliitengeneza na ina miguu ya ndege, na kwamba ilioza. Ndivyo ilivyokuwa: Aiso aliliambia gazeti la Uingereza Machi 2019 kwamba haikutengenezwa ili idumu, iliharibika, na mwaka uliotangulia aliitupa. Watoto hupenda sana kusikia kwamba kitu kimeoza. Mwache achore miguu ile ya kuku.

Kwa wa miaka kumi na tatu na kuendelea, hadithi hiyo ni ya kitoto na atakuzungushia macho. Huyu mpe kazi. Mwambie achukue picha iliyokuja na onyo, aitafute kwa picha kwenye Google, atafute ilionekana mara ya kwanza lini na nani aliiweka. Wengi wanamaliza kabla ugali haujaiva. Akipata jibu, aandike yeye kwenye grupu la ukoo, kwa adabu na kwa Kiswahili kizuri, aambatanishe alichokipata. Wajomba watanuna kidogo, lakini watasoma.